Faini, Kodi na Leseni: Tulichojifunza Virginia Tangu 2007



Mara nyingi nikikutana na watu wetu harusini au kwenye hitima, huniambia kuwa mhandisi akipewa kalamu hugeuza kila jambo kuwa hesabu. Nakiri kosa, na leo nitajitahidi kupunguza. Lakini mada yenyewe ni ya barabarani, na barabara ndiyo kazi iliyonilisha tangu nilipotoka Roorkee, India, na shahada yangu mkononi, hadi nilipojikuta hapa Marekani nikipima lami za watu wengine. Kwa hiyo hesabu kidogo mtanivumilia.

Kila Januari Bunge la Jimbo la Virginia linapokutana Richmond, hupelekwa miswada ya kubadilisha sheria za makosa ya barabarani. Wengi wetu hatuna habari nayo. Tunafuatilia uchaguzi wa nyumbani hadi wa diwani, lakini muswada utakaotugusa kesho asubuhi tukienda kazini tunakuja kuusikia siku askari ameshatuwashia taa za bluu nyuma. Ndiyo maana nataka kusimulia historia ya sheria moja iliyodumu chini ya mwaka mmoja, na ya nyingine iliyodumu miaka mingi. Ya kwanza ilipigiwa kelele hadi ikafa. Ya pili iliwameza watu kimya kimya. Na ninasimulia pia kwa sababu nina deni langu katika habari hii, nitakalolieleza mbele.

Barabara zisizo na fedha

Mwanzo wa mambo haukuwa mwendo kasi. Mwanzo ulikuwa ukata. Virginia iliweka kodi ya petroli ya senti 17.5 kwa galoni mwaka 1987, na ikaiacha hapo. Tofauti na kodi ya mauzo, ambayo hupanda bei zikipanda, hii ilikuwa namba isiyosogea. Kufika 2007 bei za vitu nchini Marekani zilikuwa zimepanda kwa zaidi ya asilimia 80, kwa hiyo senti zile 17.5 zilikuwa zimepoteza karibu nusu ya nguvu yake. Wakati huohuo kaskazini mwa jimbo, Fairfax, Loudoun na Prince William, watu walikuwa wakimiminika. Aliyekuwa akiendesha I-66 au I-95 saa kumi na moja jioni miaka ile atakumbuka: gari lilikuwa likitambaa kama konokono.

Gavana Tim Kaine wa chama cha Democratic alitaka fedha za barabara. Wabunge wa Republican waliokuwa na wingi walikuwa wameapa kutopandisha kodi. Mapatano yao yakazaa muswada nambari 3202 wa mwaka 2007, mkubwa na wenye mambo mengi: mikopo, ada za kusajili magari, mamlaka za kikanda za kutoza kodi. Ndani yake kikapachikwa kipengele kilichoitwa ada za kiraia za kurekebisha, ambazo mitaani zilipewa jina la ada za watumiaji wabaya wa barabara. Mtetezi wake mkuu alikuwa mjumbe David Albo wa Fairfax. Hoja ilikuwa nyepesi kueleweka: badala ya kumtoza kodi kila mtu, tumtoze mwendeshaji mbaya, maana ndiye anayesababisha ajali. Ilikadiriwa kuwa ada hizo zingeleta dola milioni 65 kwa mwaka.

Ada zenyewe zilikuwa hivi. Aliyepatikana na kosa la kuendesha kwa uzembe angelipa dola 1,050. Aliyeendesha leseni ikiwa imesimamishwa, dola 750. Aliyeendesha akiwa amelewa, dola 2,250. Aliyefanya kosa kubwa la jinai kwa gari, dola 3,000. Kila ada iligawanywa mafungu matatu ya mwaka mmoja mmoja, na yote hiyo ilikuwa juu ya faini ya kawaida na gharama za mahakama.

Virginia haikubuni jambo hili. New Jersey ilikuwa na tozo za namna hiyo tangu 1983. Michigan na Texas zilizianzisha 2003, na New York 2004. Lakini Virginia iliongeza kasoro yake: ada zilimhusu mkazi wa Virginia peke yake. Watunga sheria waliona kuwa hawana njia ya kumfuata mtu wa Maryland au North Carolina hadi kwake kudai mafungu ya miaka miwili ijayo, basi wakamwacha.

Ni lazima niseme ukweli. Mimi nilikuwa mmoja wa walioipigia makofi sheria hiyo. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu madaraja yanayongoja ukarabati, na nilikuwa nimeona kwenye lami alama za breki za watu waliochelewa kufunga. Tena elimu yangu ilinipa sababu. Nguvu ya mgongano haipandi sambamba na mwendo, inapanda kwa mraba wake. Gari linalokwenda maili 83 kwa saa lina nguvu ya kuua iliyozidi ile ya gari la maili 65 kwa asilimia 63. Nilipoisoma sheria mpya kwenye gazeti nilimwambia mke wangu, "Sasa wamefanya jambo la maana. Anayeharibu ndiye alipe." Yeye aliuliza, "Na asiye nacho atalipaje?" Sikumjibu. Nilidhani swali lake halihusu uhandisi.

Jumapili moja ya Julai

Sheria ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2007. Kabla mwezi haujaisha nikapigiwa simu na kijana wetu mmoja, mtoto wa jirani yetu wa Tanga, aliyekuwa na miaka kama miwili tu hapa. Usiku akibeba boksi ghalani, asubuhi akiwaogesha na kuwalisha wazee katika nyumba ya wazee.

"Shikamoo kaka. Nimepatwa na balaa."

Balaa lenyewe lilikuwa hili. Walikuwa wakirudi kutoka msiba wa mtu wetu huko North Carolina, magari mawili yakifuatana. La mbele aliliendesha yeye, lina namba za Virginia. La nyuma aliliendesha rafiki yake anayeishi Maryland. Askari wawili wakawasimamisha wote pamoja, maili 83 katika barabara ya 65.

Hapa msomaji aliye jimbo jingine lazima aelezwe. Katika majimbo mengi, kwenda kasi ni kosa dogo: unapewa karatasi, unalipa, yamekwisha. Virginia si hivyo. Wakati huo, ukipita maili 80 kwa saa, hata kama barabara ni tupu na jua linawaka, au ukizidisha maili 20 juu ya kiwango kilichowekwa, sheria ilikuhesabu kuwa umeendesha kwa uzembe. Na hilo ni kosa la jinai la daraja la kwanza, lenye kifungo cha hadi miezi 12 na faini ya hadi dola 2,500. Linabaki katika kumbukumbu zako kama wizi mdogo unavyobaki.

Nikampeleka mahakamani mwenyewe, mwezi Septemba. Njiani akaniuliza kama atafute wakili, kwani rafiki zake kazini walimshauri hivyo. Nikamwambia maneno ambayo mpaka leo yananirudia: "Wakili wa nini? Umekosa, kubali, lipa, uendelee na maisha yako." Niliamini sheria ni kama kanuni ya fizikia, ukiweka namba huku, jibu linatoka kule. Sikujua kuwa kila siku katika mahakama kama hizo wakili huomba kosa lishushwe liwe la kwenda kasi tu, na mara nyingi hukubaliwa kama mtu hana rekodi mbaya. Na kosa la kwenda kasi tu halikuwa na ada ile ya ziada.

Akakubali kosa. Hakimu, mtu mpole, akamwandikia faini ya dola 250 na gharama za mahakama, halafu akaongeza, kwa sauti ya mtu asiyependa anachokisoma, ada ya dola 1,050 kwa mafungu matatu. Dakika chache baadaye akasimama yule rafiki wa Maryland. Barabara ileile, mwendo uleule, askari walewale. Faini na gharama, basi. Akaambiwa aende salama.

Kijana wetu alikuwa akilipwa dola 8.50 kwa saa. Ile 1,050 peke yake ilikuwa zaidi ya saa 120 za kazi, kabla ya kodi. Tukitoka nje akaniuliza, "Kaka, kwani mwendo wangu mimi ulikuwa mbaya kuliko wake?" Hilo nalo sikuwa na fomula yake.

Kelele zilizosikika

Si sisi peke yetu tuliouliza. Katika wiki chache za mwanzo watu zaidi ya 100,000 walitia saini kutaka sheria ifutwe. Mwezi Agosti 2007 hakimu wa Kaunti ya Henrico, karibu na Richmond, aliamua kwamba ada hizo zinakiuka katiba kwa kuwa zinambagua mkazi wa jimbo dhidi ya mgeni aliyefanya kosa lilelile. Uamuzi wa mahakama ya chini haukuwafunga mahakimu wa kaunti nyingine, lakini uliwapa watu maneno ya kusemea.

Novemba mwaka huo kulikuwa na uchaguzi wa wabunge, na wagombea wa vyama vyote walianza kuikimbia sheria waliyoipigia kura wao wenyewe. Bunge lilipokutana Januari 2008, kufuta ada lilikuwa jambo la haraka. Machi 2008 Gavana Kaine alitia saini kuifuta, na waliokwisha kulipa wakarudishiwa. Mwezi Februari, kabla ya hapo, Mahakama Kuu ya Virginia ilikuwa imebatilisha pia sehemu nyingine ya muswada uleule, ile iliyoipa mamlaka ya usafiri ya kaskazini nguvu ya kutoza kodi bila wajumbe wake kuchaguliwa na wananchi kwa kazi hiyo.

Barabara zilipata wapi fedha? Kutoka palepale zilipokimbia. Mwaka 2013, chini ya Gavana Bob McDonnell wa Republican, jimbo liliachana na zile senti 17.5, likaweka kodi ya asilimia kwenye bei ya jumla ya mafuta na kupandisha kidogo kodi ya mauzo. Kumbe ilikuwa kodi siku zote. Tofauti ni kwamba 2007 walijaribu kuificha ndani ya vazi la adhabu, wakatafuta wa kuibeba peke yake. Serikali inayotegemea makosa kupata fedha za barabara inaanza kuyahitaji makosa hayo, na hapo mizani ya haki imekwisha kupinda.

Mtambo uliokuwa ukisaga kimya

Kama habari ingeishia hapo ningesema wananchi wameshinda. Lakini kijana wetu hakushinda.

Mnamo Septemba ile 2007 tulikuwa tumechangishana katika jumuiya, tukapata dola 350, naye akalipa fungu la kwanza la ada. Alidhani ametimiza alichotakiwa. Kumbe faini yenyewe na gharama za mahakama zilikuwa hesabu nyingine, yenye tarehe yake. Alikuwa amehama chumba, barua ikaenda anuani ya zamani. Mwaka 2008 alirudishiwa zile dola 350 za ada iliyofutwa, tukashangilia. Hakujua kwamba leseni yake ilikuwa imeshasimamishwa miezi kadhaa kwa faini ambayo haikufutwa.

Sheria ya Virginia wakati huo ilikuwa hivi: usipolipa faini au gharama za mahakama kwa tarehe uliyopewa, leseni inasimamishwa yenyewe. Hakuna wa kukuita akuulize kama umekataa kulipa au umeshindwa kulipa. Na haikuwa lazima deni liwe la kosa la barabarani. Alilijua hilo usiku mmoja taa yake ya breki ilipoungua na askari akamsimamisha. Kuendesha leseni ikiwa imesimamishwa ni kosa la jinai jingine. Faini mpya, gharama mpya, muda mpya wa kusimamishwa. Miezi minne baadaye akakamatwa tena akienda kazini alfajiri, saa ambayo basi halijaanza. Safari hiyo hakimu alimwonya kwamba akirudi mara ya tatu, sheria inataka alale jela siku zisizopungua kumi.

Akaacha kuendesha. Nyumba ya wazee ikampoteza, maana zamu ilianza saa kumi na mbili asubuhi na kituo cha basi kilikuwa mbali. Deni likaota riba, likapita dola 2,000.

Sisi wahandisi tunaujua mtambo wa namna hii. Boila ikipata joto, vali ya usalama hufunguka, mvuke ukatoka, joto likashuka. Lakini kuna mtambo uliounganishwa vibaya, ambao joto likipanda ndio kwanza moto unaongezwa. Mtambo huo haupoi. Hupasuka. Deni linaondoa leseni, kukosa leseni kunaondoa kazi, kukosa kazi kunaongeza deni. Anayethubutu kuendesha ili apate cha kulipia hukamatwa, deni likaongezeka tena. Kama mwanafunzi wangu angeniletea mchoro wa namna hiyo ningemrudishia bila kuutia alama.

Tena si kwamba sheria za Marekani zilikuwa hazijaonywa. Mwaka 1971, katika kesi ya Bell v. Burson iliyotoka Georgia, Mahakama Kuu ya nchi ilishughulikia habari ya mhubiri aliyehitaji gari kuzihudumia jamii tatu za vijijini. Mahakama ilisema kwamba leseni ikishatolewa inaweza kuwa nguzo ya riziki ya mtu, na haifai kuondolewa bila kusikilizwa ipasavyo. Hata hivyo majimbo mengi yaliendelea kuitumia leseni kama rehani ya deni.

Mwaka 2016 wanasheria wa msaada wa kisheria walifungua kesi katika mahakama ya shirikisho mjini Charlottesville, kwa niaba ya watu wa kipato cha chini waliosimamishiwa leseni kwa madeni. Mwaka 2017 kesi ilitupwa, ikafufuliwa, na Desemba 2018 Jaji Norman Moon akatoa amri ya muda akisema sheria hiyo inaelekea kukiuka katiba kwa kuwa haitoi nafasi ya kusikilizwa. Bunge halikungoja hukumu ya mwisho. Kwa pendekezo la Gavana Ralph Northam katika bajeti, kuanzia tarehe 1 Julai 2019 Virginia iliacha kusimamisha leseni kwa madeni ya mahakama. Watu wapatao 627,000 walikuwa wameguswa. Mwaka 2020 mabadiliko hayo yakafanywa sheria ya kudumu. Deni halikufutwa, bado linadaiwa, ila halishiki tena usukani wa mtu.

Kesi hiyo iliacha mkia. Februari 2025 Mahakama Kuu ya nchi iliamua kwamba waliofungua kesi hawastahili kulipwa gharama za mawakili wao, kwa kuwa walipata amri ya muda tu kabla sheria haijabadilishwa. Kwa maneno mengine, ukiishtaki serikali nayo ikaona inashindwa, ikabadilisha sheria haraka, unaondoka na haki yako lakini bili unabaki nayo. Wenye nia ya kutetea wanyonge wana jambo la kufikiria hapo.

Waliotangulia nao walirudi

Tuangalie yale majimbo ambayo Virginia iliyaiga. Michigan ilikaa na ada zake miaka 15. Zilifutwa rasmi tarehe 1 Oktoba 2018, na madeni yaliyosamehewa yalipita dola milioni 600, ya watu zaidi ya 300,000. Deni la ukubwa huo linakueleza kwamba fedha hazikuwa zikilipika. Texas nayo ilifuta mpango wake kuanzia tarehe 1 Septemba 2019. Huko ada zilisaidia hospitali za majeruhi, jambo jema, na ndiyo maana ilichukua muda kuziacha. Mwishowe hospitali zilitafutiwa fedha kwa kuongeza dola mbili kwenye bima ya kila gari na kwa faini kubwa zaidi kwa walevi. Wahafidhina na waliberali walikaa meza moja kuuondoa mpango huo, na hilo si jambo la kila siku.

Na wengi mtakumbuka Ferguson, Missouri. Baada ya machafuko ya 2014, Wizara ya Sheria ya Marekani ilitoa ripoti Machi 2015. Katika mji wenye watu wapatao 21,000, watu zaidi ya 16,000, wakiwemo wapita njia, walikuwa na hati za kukamatwa zinazowangoja, nyingi kwa makosa madogo na faini ambazo hazikulipwa. Polisi walikuwa wamegeuzwa watoza ushuru.

Basi ni nini kinachopunguza vifo?

Nisieleweke vibaya. Sitetei wanaokimbiza magari. Nimezika watu, na ninyi pia mmezika. Mwaka 1972 barabara za Marekani ziliua watu 54,589. Mwaka 2011 ziliua 32,479, ingawa watu walikuwa wameongezeka na magari vilevile. Kwa kila maili milioni 100 zilizoendeshwa, vifo vilishuka kutoka zaidi ya 4 hadi karibu 1. Kilichofanya kazi ni mikanda, mifuko ya hewa, vizuizi bora katikati ya barabara, sheria kali za ulevi zinazosimamiwa kweli, na matibabu ya haraka. Mwanafalsafa wa Kiitaliano Cesare Beccaria aliandika tangu 1764 kwamba kinachomzuia mtu asikosee ni uhakika wa kuadhibiwa kuliko ukali wa adhabu. Mtu anayejua atakamatwa kila akizidisha hupunguza mwendo hata kwa faini ndogo. Anayejua atakamatwa mara moja kwa miaka mitano hajali, hata ukimtishia kwa elfu moja. Siku ikimfika, anaona amepatwa na bahati mbaya, haoni kuwa amepata somo.

Hapa kuna jambo litakalowachekesha Wakenya. Mwaka 2025 Virginia ilipitisha sheria, iliyopangiwa kuanza tarehe 1 Julai 2026, inayoiruhusu mahakama kuamuru gari la mtu aliyehukumiwa kwa kupita maili 100 kwa saa lifungwe kifaa kinachotambua kiwango cha barabara na kulizuia gari lisikizidi. Hapa wameipokea kama teknolojia ya kesho. Lakini Februari 2004 Waziri John Michuki alizilazimisha matatu zote za Kenya kufunga vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, pamoja na mikanda. Vilichezewa na wajanja, hilo tunalijua, lakini wazo lilikuwa sahihi: kizuie chombo kisikimbie, badala ya kungoja kikimbie ndipo umfilisi dereva. Kifaa hiki kinamwacha mtu aende kazini. Kinampunguzia mwendo bila kumnyang'anya riziki. Mhandisi ndani yangu anaunga mkono, safari hii baada ya kwanza kuuliza nani atalipia kifaa.

Mabadiliko mengine ya miaka ya karibuni yanatuhusu pia. Kiwango cha uzembe kilipandishwa kutoka maili 80 hadi 85 kuanzia Julai 2020, kwa sababu barabara kadhaa zilikuwa zimeshawekewa 70 na mtu alikuwa akiingia kwenye jinai kwa kuzidisha maili 11 tu. Kuanzia Januari 2021 kushika simu ukiendesha kulikatazwa, na mwezi huohuo kadi ya ruhusa ya kuendesha ikaanza kutolewa kwa wasio na karatasi wanaolipa kodi. Na Machi 2021 askari walikatazwa kukusimamisha kwa sababu tu ya kitu kinachoning'inia kwenye kioo. Wenye tasbihi, rozari na bendera za Taifa Stars mnanielewa.

Neno la mwisho

Nina mambo matatu ya kuwaomba. Kwanza, mkipewa karatasi ya kosa Virginia, angalieni kama ni ya kwenda kasi au ya uzembe, na kama ni uzembe, tafuteni wakili kabla ya siku ya mahakama. Msisikilize mhandisi. Pili, mkihama, badilisheni anuani DMV na mahakamani siku hiyohiyo, na mkishindwa kulipa kwa mkupuo ombeni mpango wa kulipa kidogo kidogo; upo, ila lazima uuombe. Tatu, Januari inapofika, jumuiya yetu ichague mtu mmoja wa kufuatilia miswada ya Richmond na kutuletea habari. Ada za 2007 zilikufa kwa sababu watu walipiga kelele. Kusimamisha leseni kwa madeni kuliishi muda mrefu kwa sababu walioumia walikuwa wametawanyika, kila mmoja akiona aibu yake peke yake.

Kijana wetu, ambaye sasa si kijana tena, alinipigia simu Agosti 2019. Alikuwa ametoka DMV. Miaka kumi na moja alikuwa akiendeshwa na mke wake, akikaa kiti cha pembeni hata siku mke ana mimba ya miezi minane. Jumamosi ile alikuja kwangu na gari, peke yake, akaliegesha mbele ya nyumba taratibu mno, akashuka.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Umekuja na mwendo gani?"

"Hamsini na tano, kaka. Watu wote wamenipita."

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni akimcheka. Sikumkumbusha swali lake la mwaka 2007, naye hakunikumbusha. Alimkaribisha mgeni ndani, mimi nikabaki nje kidogo nikiitazama ile gari.